Spika za Amplifaya ya Valvu: Tusidanganywe na Wati

Askari anapotoka zamu, baada ya lindo la usiku au doria ya kutwa, wimbo mmoja tu huweza kuiburudisha roho yake kuliko maneno mengi. Ndiyo maana katika mabweni na mabwalo yetu hawakosekani wapenzi wa muziki, na miongoni mwao wapo walioshikilia amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo zinazowaka kwa haya kama makaa ya jioni. Transista iligunduliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, ikaiondoa valvu katika redio nyingi za dunia. Hata hivyo valvu hazikufa. Zingali zikitengenezwa, na amplifaya ndogo za namna hiyo zingali zikiuzwa.

Tatizo la mwenye amplifaya kama hiyo ni kupata spika ndogo za kuweka juu ya rafu ambazo hazitaumaliza mshahara wake, na ambazo zitaimba badala ya kunong'ona. Amplifaya yenye valvu moja ya EL84 kwa kila spika hutoa wati 3 hadi 5 hivi. Ile ya valvu ya 300B, ambayo ni ghali zaidi, hutoa kama wati 8. Nguvu hizo ni haba, lakini zatosha kabisa endapo mnunuzi ataelewa aangalie nini.

Jambo la kwanza ni kutotishwa wala kutovutwa na wati zilizoandikwa nyuma ya spika. Wengi huona "wati 100" wakadhani spika hiyo ina nguvu kubwa. Sivyo. Lori lililoandikwa tani 7 latuambia mzigo linaoweza kuuhimili. Halituambii lanywa petroli kiasi gani. Vivyo hivyo, wati za spika ni kiasi inachoweza kuvumilia bila kuungua.

Kinachotuhusu ni wepesi wa spika kuitikia, nao hupimwa kwa desibeli: spika hupewa wati 1, kisha sauti yake hupimwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Basi tuchukue spika mbili, moja ya desibeli 85 na nyingine ya desibeli 91. Tofauti ni desibeli 6, yaani mara nne. Kazi inayofanywa na wati 4 katika spika ya pili, ile ya kwanza itadai wati 16, ambazo mwenye valvu moja hana. Kwa wati 3 hadi 5, ushauri wetu ni kutafuta desibeli 90 au zaidi. Katika chumba kidogo, msikilizaji akikaa karibu, 87 au 88 zaweza kufaa.

Hapa pana mtego. Spika za omu 4 mara nyingi hupimwa kwa volti 2.83, na volti hizo katika omu 4 ni wati 2, wala si 1. Kwa hiyo tarakimu ya karatasini huwa imeongezewa desibeli 3 za bure. Mnunuzi mwangalifu huziondoa.

Kwa nini basi spika nyingi ndogo ni nzito kuitikia? Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walitoa spika ya AR-1 huko Cambridge, Massachusetts. Sanduku lake lilikuwa dogo, limefungwa pande zote, na lilitoa besi nzito ya kushangaza, lakini lilidai nguvu nyingi. Mwenzake Kloss katika kampuni ya KLH, Anton Hofmann, ndiye aliyehusishwa na kanuni ambayo mafundi huiita sheria ya chuma: sanduku dogo, besi nzito na wepesi wa kuitikia havipatikani vyote vitatu pamoja. Chagua viwili. Mwenye valvu anayetaka spika ya rafuni hana budi kusamehe sehemu ya besi.

Njia moja ya kupata sauti kubwa kwa nguvu kidogo askari waijua tangu zamani. Mpiga baragumu hutetemesha midomo tu, na kambi nzima ikaamka. Afisa mmoja wa jeshi la Marekani, Paul Klipsch, aliyehudumu katika uwanja wa kujaribia silaha huko Hope, Arkansas, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitumia kanuni hiyo hiyo kujenga spika ya baragumu ya kukaa pembeni mwa chumba, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni yake. Lakini tuelewe kwamba katika spika ndogo za leo baragumu kwa kawaida huhudumia sauti nyembamba tu. Besi yategemea koni ya kawaida.

Ukinzani nao usisahauliwe. Spika ya omu 8 isiyoshuka sana chini ya hapo huipendeza valvu kuliko ya omu 4 inayopanda na kushuka. Amplifaya yenye matundu ya omu 4 na 8 ijaribiwe kote kuwili, kisha masikio yaamue.

Anayenunua spika kuukuu aende na amplifaya yake mwenyewe. Abonyeze koni polepole kwa vidole, ikikwaruza, aiache. Atazame ukingo wa sponji, kwani huoza kwa umri. Nyumbani, waya mwekundu uende kwenye nyekundu na mweusi kwenye nyeusi katika spika zote mbili, la sivyo besi itatoweka. Spika zikisogezwa karibu na ukuta, besi huongezeka bila gharama.

Mwisho ni usalama. Amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika kuunganishwa, maana transfoma yake yaweza kuharibika. Wala kifuniko kisifunguliwe ovyo: ndani mna mamia ya volti, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya umeme kuzimwa.

Ndugu msomaji, fedha ya askari hupatikana kwa jasho. Kabla ya kuitoa mfukoni, uliza desibeli ngapi na omu ngapi. Muuzaji asiyeweza kujibu, mwombe akuruhusu usikilize kwa amplifaya yako. Akikataa, nenda duka la pili.