Aliyezama anahitaji pumzi, si kukamuliwa tumbo

Kijana mmoja mvuvi wa dagaa aliletwa kwetu alfajiri akiwa amelazwa kwenye bajaji, nguo zikiwa bado zimelowa. Wenzake walisema mtumbwi ulijaa maji baada ya kupigwa na wimbi, na hazikupita dakika nyingi kabla hawajampata. Niliwauliza, "Mlimfanyia nini?" Wakaeleza kwamba walimning'iniza miguu juu kichwa chini, kisha wakamlaza kifudifudi juu ya dumu na kumkamua tumbo mpaka maji yakatoka mengi. Baada ya hapo wakahangaikia usafiri, na njiani walitumia karibu saa nzima. Hakuna aliyempulizia pumzi hata moja. Hatukuweza kumrudisha.

Sikuwalaumu. Wengi wetu tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tumekua tukiona wazee wakifanya hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, kinachomuua aliyezama ni kukosa oksijeni. Maji yanayoingia mapafuni kwa kawaida si mengi. Yale unayoyaona yakimwagika ukimkamua ni yale aliyoyameza, yako tumboni. Ukilibana tumbo, maji hayo hupanda pamoja na matapishi na kuingia kwenye njia ya hewa. Wakati huo dakika zinakwenda, na ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi. Hospitali haiwezi kukufikia mwaloni ndani ya muda huo. Tiba iko mikononi mwa aliye karibu.

Mlaze chali mahali pagumu, hata kama ni sakafuni mwa mtumbwi. Mwite, mtikise bega. Kama haitikii na hapumui, au anakoroma pumzi moja moja, mwinue kidevu kichwa kirudi nyuma, mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako na upulize hadi uone kifua kinapanda. Fanya hivyo mara tano. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua kwa pamoja, upulize taratibu. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30 (kwa mtu mzima kifua kizame kama sentimita tano), mpe pumzi mbili, urudie bila kuacha, huku mwingine akitafuta usafiri. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta. Akitapika mgeuzie ubavu, msafishe, uendelee.

Akianza kupumua, mlaze kwa ubavu, mvue nguo zilizolowa na umfunike. Hata aliyezinduka na kuomba chai aje hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye. Kikohozi na kuhema haraka ni dalili za hatari.

Huwa nasikia kwamba jaketi la kuokolea maisha lina joto na linazuia kuvuta nyavu. Ni kweli, nami sijawahi kuvuta wavu. Lakini jaketi lililokaliwa kama mto halivaliki mtumbwi ukishapinduka. Wala ukaribu wa nchi kavu si kinga: MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati la Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Kwa mtoto, jaketi la mtu mzima humchomoka kichwani. Mtafutie la saizi yake.

Ziwa hili lina tabia yake pia. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji ya vuguvugu, na mvua za radi huzaliwa huko, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Ni saa zilezile za dagaa. Ukiona radi kabla ya kutoka, subiri.

Kliniki yangu ina wagonjwa wa kifafa, na kila mmoja namuuliza anafanya kazi gani. Akisema uvuvi, tunazungumza kwa muda mrefu. Degedege la dakika moja, ambalo nyumbani lingeisha salama, majini linaua. Asiache dawa, asiogelee wala kuoga ziwani peke yake, na kama inawezekana ahamie kazi za nchi kavu, kama kuanika dagaa au kushona nyavu. Najua si rahisi kumwambia hivyo baba wa watoto wanne.

Nanyi wazazi, msitegemee kusikia kelele. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi yowe, maana anahangaika kuvuta hewa. Anayemwona asijitose ovyo. Amnyoshee kasia, au amrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Wenzake yule kijana walirudi wiki mbili baadaye, watatu, wakaniomba niwaonyeshe. Tulitumia mto wa kitanda cha wodini. Mmoja wao alikandamiza mpaka jasho likamtoka, akauliza, "Daktari, hivi ndivyo mpaka lini?" Nikamwambia mpaka apumue, au mpaka umfikishe kwetu.