Kibao cha kuchorea juu ya picha: uliza moto kwanza

Fundi wa picha wa Kashebere anayerudisha sura kwenye picha iliyofifia, pengine ile moja tu familia ilibakia nayo, asikimbilie kibao chenye skrini. Kinakula moto, na sola haitoshi kila siku. Kisicho na skrini, kama Huion H640P, kinachukua moto kidogo kwa waya wa USB, na kalamu yake haiko na betri. Mwanzoni mkono utapotea, juu macho yanabaki kwenye ordinateri, unazoea. Kinaingia hata kwenye simu za Android, lakini hapo sehemu ndogo tu ya kibao inatumika. Programu ya Krita ni ya bure. Ikishaingizwa kwenye ordinateri, haiombi intaneti. Kabla ya kulipa Goma, kijaribu palepale dukani na mashine yako mwenyewe, maana kukirudisha ni safari ingine.