Ndege Ziliruka, Mafundi Wakabaki Getini

Mimi ni fundi wa magari. Gari likizima njiani, naliegesha kando nikafungua boneti. Ndege huko juu haina kando. Labda ndiyo maana mgomo wa Northwest Airlines, Marekani, haujanitoka kichwani.

Agosti 20, 2005, mafundi na wasafishaji wapatao 4,400 waliweka spana chini. Kampuni ilitaka kuokoa dola milioni 176 kwa mwaka: mishahara ikatwe karibu robo, ajira kama 2,000 zifutwe. Kwa sheria ya huko kwa mashirika ya ndege, usuluhishi ukikwama, pande zote husubiri siku 30. Mwajiri hakukaa bure. Alikuwa keshaandaa mafundi wa kuziba nafasi. Ndege ziliruka.

Kilichouma zaidi, nadhani, ni wenzao. Marubani, wahudumu na wapakia mizigo waliwapita getini wakaenda kazini. Wapakia mizigo walikuwa na kinyongo cha zamani: AMFA, chama cha mafundi, kilikuwa kimekinyang'anya chama chao mafundi hao miaka michache nyuma.

Septemba 14 kampuni ikakimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mgomo ulifungwa Novemba 2006, na wengi hawakuirudia karakana.