Nguzo Zile Haziko Mlima Kenya: Soma Kabla Hujatuma Pesa ya Safari ya Picha

Picha yenyewe ilikuwa tamu. Nguzo nyeupe za mawe ya kale, nyuma yake milima ya buluu, na juu yake maandishi manene: safari ya picha Meru na Embu, siku tatu, tutalala karibu na "The Temple" ya Mlima Kenya, nafasi sita tu zimebaki, lipa nusu leo. Tangazo lilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na mteja wetu mmoja wa Embu mjini, dada anayejipatia riziki kwa kupiga picha za harusi na ruracio, akaliona saa nne usiku. Akatuma shilingi 12,000.

Asubuhi namba ilikuwa imezimwa.

Alipotupigia, sauti ilikuwa chini sana. "Jina nililiona," akatuambia. "Lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Nikafikiria labda ni la bibi yake."

Hapo ndipo tunapoteza wateja wengi. Simu inakuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha, na macho yanaliona vizuri tu, lakini moyo ushafika mlimani. Tulizuia kilichobaki kwenye ile akaunti: shilingi 3,400. Zingine zilikuwa zimetolewa kwa wakala chini ya nusu saa baada ya kutumwa.

Watu hutuuliza kwa ukali kwa nini haturudishi pesa yote mara moja. Iliyo ndani ya akaunti tunaweza kuizuia, lakini noti zikishaingia mfukoni mwa mtu zimetutoka. Na hata tuliyoizuia hairudi kwa neno lako peke yake, aliyepokea naye huulizwa, maana wako pia wanunuzi wanaochukua mzigo dukani halafu wanapiga simu kudai "nilikosea namba." Kwa hiyo ukishtuka, piga saa hiyo hiyo. Usingoje kukuche.

Sasa turudi kwenye picha, kwa sababu yenyewe ilikuwa imeshasema kila kitu. Nguzo zile ni za hekalu la Ugiriki. The Temple ya Mlima Kenya ipo kweli, ila si jengo; ni genge refu la mwamba upande wa njia ya Chogoria, linalosimama juu ya Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Hakuna nguzo, hakuna marumaru. Kuna mwamba, maji meusi chini, na ukungu unaopanda bondeni bila kubisha hodi. Mtu aliyewahi kufika pale hata mara moja asingetumia picha ile. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kutuma, mwombe mwelekezi picha yake ya pale pale anapokupeleka, na umuulize vitu vidogo. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi ni umbali gani? (Ni karibu kilomita 30, msituni, na mvua ikinyesha barabara hiyo si ya gari dogo.) Tapeli huchoka na maswali haraka.

Ukitaka mawe ya kale yenye historia ya watu, Makumbusho ya Meru yako mjini ndani ya jengo la 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni. Magofu hasa ni ya Pwani, kama Gede karibu na Malindi. Na huko Pwani ndiko wazee wa Wameru husimulia kwamba mababu zao walitoka, mahali wanapopaita Mbwaa.

Mlima nao una saa zake. Meru na Embu ziko upande wa mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaupiga mlima usoni huku wewe ukiutazama. Vilele, Batian wa mita 5,199 na jirani yake Nelion, hupata wekundu kabla mashamba ya chai hayajapata mwanga. Ikifika saa tatu au nne mawingu mara nyingi yashafunika kila kitu, na anayeamka saa mbili atapiga picha za migomba. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri.

Kwenye malipo, gawanya. Ada za kuingia hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, na pesa taslimu haipokelewi langoni. Mtu anayekuambia "nitumie mimi ya lango pia" akuonyeshe risiti ya eCitizen, la sivyo lipa mwenyewe. Ya mwelekezi, afadhali namba ya Till au Paybill yenye jina la kampuni yake. Kama ni ya kibinafsi, jina lifanane na kitambulisho chake. Toa pesa kidogo kwa wakala Chogoria kabla ya kupanda, kwa sababu mtandao huko juu huja na kwenda unavyotaka, na mpagazi hawezi kula ujumbe wa "tafadhali jaribu tena." Droni iache nyumbani kama huna kibali.

Jambo moja halihusu simu. Nyumba ya Njuri Ncheke kule Nchiru, na kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes ambako Waembu husimulia kwamba ukoo wao ulianzia, ni mahali patakatifu. Salimu wazee, uliza, ngoja jibu, ndipo utoe kamera. Mwenye shamba la miraa naye aulizwe.

Dada yule wa Embu alipanda Januari. Zile 3,400 zilikuwa zimerudi, zingine akazijazia kutoka harusi mbili za Desemba. Safari hii alimpata mwelekezi kupitia jirani, akatuma shilingi mia mbili kwanza, jina likatokea, akampigia simu na kumwomba alisome lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Yule mzee alicheka, lakini akalisoma lote, majina matatu.

Ametutumia picha moja. The Temple haionekani vizuri. Ukungu umelifunika nusu. Ameikuza, na sasa iko ukutani kwenye studio yake, juu ya meza ambapo wateja hulipia picha za harusi.