Kula Istanbul kwa Bei ya Mwenyeji

Eneo la Sultanahmet, kati ya Aya Sofya na Msikiti wa Buluu, ndiko wageni wengi wa Istanbul hukaa kula mlo wao wa kwanza, na ndiko wanakolipa zaidi ya thamani ya sahani. Sababu haiko jikoni. Mgahawa wa pale unamhudumia mtu atakayepita mara moja tu, kwa hiyo hauna haja ya kumridhisha ili arudi. Anayetaka kula vizuri kwa pesa ya kawaida atafute mahali ambapo wateja ni walewale kila siku.

Mahali hapo Waturuki wanapaita esnaf lokantası, mgahawa wa wachuuzi na mafundi. Utaukuta nyuma ya soko la Kapalıçarşı, Eminönü, na kwenye vichochoro vya Laleli, ambako wafanyabiashara wa nguo kutoka Kariakoo hushinda wakifunga mizigo. Inaniuma kumwona mtu aliyekuja na mtaji wa kuhesabu akishindia biskuti na chai, ilhali hatua chache kutoka stoo yake kuna chakula cha moto cha bei nafuu.

Chakula hupikwa asubuhi kwenye masufuria makubwa, kisha hupangwa nyuma ya kioo: maharage meupe ya mchuzi wa nyanya, bilinganya zilizojazwa nyama ya kusaga, kuku na viazi, wali wa siagi. Kituruki hakihitajiki, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Ukisema “az” unapewa kipimo kidogo kwa bei pungufu, hivyo unaonja vitu viwili badala ya kimoja. Mkate huletwa mezani, na mara nyingi hautozwi.

Jambo la kuzingatia ni saa. Nenda kabla ya saa saba mchana, maana kilichoisha hakipikwi tena, na nyingi kati ya lokanta hizi hufungwa jioni. Mlo mkubwa uwe wa mchana. Usiku supu ya dengu yenye limau na mkate inatosha.

Anayeanza nampeleka kwenye Msikiti wa Süleymaniye. Kando ya msikiti huo, kazi ya msanifu Mimar Sinan iliyokamilika mwaka 1557, kuna safu ya migahawa inayojulikana kwa maharage na wali. Kuingia msikitini ni bure. Aya Sofya, tangu Januari 2024, mtalii wa kigeni hulipa euro 25 kutazama roshani ya juu. Mwenye bajeti ndogo asione haya kuchagua Süleymaniye na kuzitumia euro hizo kwa chakula cha siku kadhaa.

Bei za sahani sizitaji kwa makusudi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uturuki ulipita asilimia 85 kwa mwaka, na tangu hapo bei zimeendelea kupanda, kwa hiyo takwimu za rafiki aliyekwenda mwaka juzi zitakupotosha. Soma orodha ya bei kabla ya kukaa. Pasipo na orodha, endelea na safari. Samaki wa kupimwa kwa uzito, hasa, usikubali awekwe motoni kabla hujatajiwa bei yake yote.

Usafiri hauna ugumu. Uwanja wa ndege wa Istanbul uko mbali na mji, na teksi inaweza kumeza bajeti ya siku nzima. Nunua Istanbulkart, kadi ya nauli, panda metro ya M11 hadi Gayrettepe, kisha M2 hadi Vezneciler, jirani na Laleli. Kadi hiyohiyo inakuvusha kwa kivuko cha abiria kutoka Eminönü hadi Kadıköy, upande wa Asia, kwa dakika 20 hivi. Gatini utaitwa na wauza tiketi za boti za watalii. Kivuko cha kawaida kinakuonyesha Bosporus kwa nauli ya mfanyakazi anayerudi nyumbani. Ukishuka Kadıköy, soko la samaki, jibini na zeituni liko mwendo wa dakika chache kwa miguu, na lokanta zilizolizunguka zinategemea wakazi wa mtaa kuliko watalii.