Neti ikikatika Nakuru, nani hubadilisha reli ya mwanga?

Uko Kiamunyi, Njoro au Gilgil. Unamalizia kazi ya mteja mtandaoni, mara video inaganda na kale kaduara kanaanza kuzunguka. Wa kwanza kulaumiwa ni ruta, wa pili ni bando. Lakini wakati mwingine kilichokatika kiko mbali kabisa na nyumba yako: uzi wa kioo mwembamba kama unywele, uliofukiwa kando ya barabara, ambao tingatinga limeupitia likichimba mtaro.

Faiba zitaendelea kukatika, hilo tulikubali. La muhimu kwako ni maswali mawili. Je, data yako ilikuwa na njia nyingine ya kupitia? Na hiyo njia nyingine ilikuwa na nafasi?

Kama umekulia Nakuru, jibu la swali la kwanza unalifahamu bila kujua. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1900 ikielekea Kisumu. Katika miaka ya 1920, tawi la kwenda Eldoret na Uganda likaanzia hapa hapa. Treni ikifika kwenye makutano, mizigo haishushwi yote ipakiwe upya. Wenzo unavutwa, reli inasogea, treni inapinda na kuendelea na safari.

Swichi ya mwanga hufanya kazi hiyo hiyo. Mbinu ya zamani ilikuwa kuugeuza mwanga kuwa umeme, kuusoma, kisha kuwasha leza nyingine iutume mbele. Hiyo ni sawa na kushusha mizigo yote stesheni: inakula umeme na kutoa joto, na kila rangi ya mwanga inahitaji mashine yake.

Ndiyo, rangi. Uzi mmoja wa faiba hubeba rangi nyingi za mwanga kwa wakati mmoja, kila moja na data yake. Macho yako hayawezi kuziona, lakini leza na vipokezi vinazitofautisha. Swichi ya kisasa huzitawanya rangi hizo kama upinde wa mvua, kisha kila moja hutua kwenye kibao chenye vitone vidogo sana, ndugu wa skrini ya simu yako. Kitone kikipewa umeme kidogo, mwanga unapinda kuelekea uzi unaotakiwa. Hii iende Eldoret, ile iende Kisumu, nyingine ishukie Nakuru. Aina nyingine ya swichi hutumia vioo vidogo vinavyoinama.

Sasa twende kwa swali la pili, la nafasi. Kwa miaka mingi mitandao ya masafa marefu imetegemea zaidi kipande kimoja cha mwanga kinachoitwa mkanda wa C, kati ya nanomita 1530 na 1565. Hapo kioo hupoteza mwanga kidogo sana, na vikuza mwanga vyenye madini ya erbiamu hufanya kazi vizuri. Vikuza hivyo huwekwa takriban kila kilomita 80, kwa hivyo safari ya kilomita 160 hivi kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama hatua mbili.

Lakini uzi ule ule una mikanda mingine: L upande mmoja, S upande wa pili, na zaidi. Mwaka wa 2024, taasisi ya NICT ya Japan na washirika wake walitangaza kwamba wamepitisha terabiti 402 kwa sekunde katika uzi wa kawaida wa kilomita 50, wakitumia mikanda sita. Hiyo inatosha nyumba milioni 16 zenye intaneti ya megabiti 25 zote zikitumia kwa mpigo. Na hakuna mtaro mpya uliochimbwa.

Kazi ngumu iko kwenye makutano. Swichi iliyoundwa kwa ajili ya mkanda wa C haijui la kufanya na mkanda wa S. Lenzi zake, vitone vyake na volti zake vimepimwa kwa rangi chache. Kuna balaa lingine: ndani ya kioo, rangi za mawimbi mafupi humwaga nguvu zake kwa zile za mawimbi marefu. Ukizima nusu ya rangi ghafla kwa sababu uzi umekatika mahali, zilizobaki nazo zinayumba. Swichi ya mikanda mingi lazima izipinde rangi zote, na mtandao uzisawazishe tena haraka.

Kwa nini ujali? Kumbuka Mei 12, 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na neti ikawa kobe kutoka Kenya hadi Tanzania. Njia nyingine zilikuwepo. Lakini njia isiyo na nafasi ya kutosha ni kama matatu ya mwisho jioni: unaiona, na huwezi kuingia.

Huku kwetu Bonde la Ufa, ardhi yenyewe ina mambo yake. Machi 2018 ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kukata barabara ya kwenda Narok. Aprili 2024 mafuriko yakasomba watu na nyumba eneo hilo hilo. Ikiwa nyaya zako mbili zimelala mtaro mmoja, swichi bora zaidi duniani haitakusaidia. Kwa hivyo ukiuziwa intaneti yenye "laini ya akiba" kwa saiba au ofisi yako, uliza: inapita wapi?

Na kama bado uko shule, ile mada ya mwanga kupinda na kurudi ndani ya kioo, inayofundishwa katika Fizikia, si ya mtihani tu. Ndiyo inayobeba data yako. Anayeielewa, kisha akajifunza kuunga faiba na kupima mwanga unaopotea, ndiye anayepigiwa simu usiku mtaa mzima ukikosa neti. Anaweza kuwa wewe.