Dola moja ilivyomvusha mwenzetu kwenda Goma

WAFANYABIASHARA wa Gisenyi huvuka kwenda Goma asubuhi na mapema, mizigo ya nyanya na vitunguu ikiwa vichwani. Februari 2014 mimi na wenzangu wawili tulivuka mikono mitupu. Tulikuwa tunakwenda kusikiliza muziki.

Tamasha la Amani lilikuwa lifanyike Agosti 2013, likaahirishwa kwa sababu ya mapigano. Kabla ya hapo, Novemba 2012, waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wenyewe kwa siku kadhaa. Hivyo habari kwamba wanamuziki wangepiga siku tatu mfululizo katika uwanja wa shule ya Mwanga, kwa kiingilio cha dola 1, wengi waliiona mzaha.

Mwenzangu wa kwanza ni mama muuza vitunguu, na kwake Goma ni kama nyumbani. Wa pili alikuwa na jambo moyoni. Mwaka 1994, akiwa mtoto, alikimbilia Kongo na wazazi wake wakaishi katika kambi ya Mugunga, magharibi ya Goma. Novemba 1996 kambi ilivunjika, nao wakarudi Rwanda kwa miguu. Tangu hapo hakuwahi kuvuka tena, ingawa anaishi karibu na mpaka.

"Mama, wakijua nimetoka upande gani?" aliuliza tukiwa kwenye foleni ya jeto, kile kikaratasi cha siku moja cha wakazi wa mpakani.

"Mwanangu, mimi wananijua miaka yote, na vitunguu wananunua," alijibiwa.

Uwanja ulifurika. Magitaa ya rumba yalipokezana na vijana wa kufokafoka na vikundi vya ngoma za asili. Mzee mmoja alimgeukia mwenzetu akamwuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Unatokaka wapi, kijana?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Gisenyi." Mzee akasogea, akampa nafasi kwenye benchi. Hakuna aliyeongeza neno, maana wimbo ulikuwa umeanza.

Jioni ilipoingia muziki ulikuwa bado unapigwa, lakini ilitubidi kuondoka. Lango la mpaka lilikuwa likifungwa usiku, na jeto haimngojei mtu amalize kucheza.

Wapo wanaosema muziki hauzuii bunduki. Ni kweli. Januari 2025 M23 waliingia tena Goma, na wengi waliocheza uwanjani siku ile wamekwisha kukimbia zaidi ya mara moja. Lakini ndugu msomaji, mpaka una malango mawili: moja hulindwa na askari, jingine mtu huwa nalo moyoni. Wiki iliyofuata mwenzetu alivuka peke yake, akiwa na magunia mawili ya viazi. Mteja wake wa kwanza alikuwa yule mzee wa kwenye benchi.